Pipa Zima au Nusu? Kuchagua Ukubwa wa Jiko la Samaki wa Moshi

Najua wapo watakaokiona kichwa cha makala haya wakacheka, waseme huyu naye kaishiwa na maneno, mapipa na jarida la Chama cha Kiswahili wapi na wapi? Chekeni, lakini msifunue ukurasa kwanza. Mwaka jana kosa la ukubwa wa pipa lilimmezea shangazi yangu mtaji wake, na aliyemshauri alinunue pipa lenyewe ni mimi ninayeandika.

Shangazi ni mama karanga. Kwa wale walimu wetu waliotoka bara, mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki bandarini, akawakaanga na kuwauza mtaani au kando ya barabara. Hapa Kuruwitu huwasubiri wavuvi wakirudi kutoka nje ya ile sehemu ya hekta 30 ambayo jamii yetu iliifunga mwaka 2005, maana humo hatupwi wavu wala mshipi. Mafuta ya kukaangia yalipopanda bei, shangazi akaona kazi yake yote yaishia kwenye karai. Akaniita jioni moja akaniambia, "Mwanangu, nataka kuhamia samaki wa moshi. Wa kukaanga akilala siku mbili ni hasara. Wa moshi akikauka sawasawa hukaa, hata Mtwapa nampeleka. Hebu nambia wewe wasoma, nichukue pipa zima au nusu pipa?"

Mimi, bila kufikiri wala kupima, nikamjibu, "Chukua zima, shangazi. Kubwa halikosi kazi."

Akachukua mkopo katika chama chao cha akina mama, akamlipa fundi wa kuchomea vyuma. Pipa likaja likiwa na mlango wa makaa chini, uchaga wa waya juu na kifuniko cha bati. Ilikuwa mwezi wa Februari, kaskazi imetulia, samaki wamejaa. Tulipanga tafi na changu mpaka uchaga ukajaa, na wiki zile za kwanza nilitembea kifua mbele kama mimi ndiye niliyevumbua moto.

Kisha kusi ikaingia.

Wale wasioijua bahari niwaeleze kidogo. Kuanzia mwezi wa Aprili hivi upepo hugeuka ukatoka kusini, mawimbi yakawa makubwa, na wavuvi wenye vyombo vidogo hukaa ufuoni siku nyingi. Mama karanga aliyezoea kununua kilo kumi na tano hurudi na kilo tatu. Sasa shangazi ana samaki wanane na pipa la lita 200. Kulipasha pipa lile moto kulitaka mikebe mitatu ya kasuku ya makaa, wawe samaki wanane au wawe ishirini. Akihesabu pesa za makaa, faida hamna. Akaamua kupunguza makaa, atie mkebe mmoja tu. Siku hiyo samaki walikaa ndani tangu adhuhuri hadi magharibi, wakatoka wana rangi nzuri ya dhahabu. Asubuhi walinuka. Paka wa kijiji kizima walijua kwetu kuna karamu.

Ikatokea hivyo mara tatu, na mtaji wenyewe ulikuwa mdogo. Shangazi hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nilitaka nijue yalimwagikaje. Basi nikachukua futi kamba ya fundi jirani nikaanza kupima.

Pipa la lita 200 lina kipenyo cha ndani cha sentimita 57 hivi na kimo cha kama sentimita 88. Wanakidato wenzangu, hapa ndipo duara tunalolilalamikia darasani linapofaa. Nusu ya 57 ni 28.5. Ukiizidisha kwa yenyewe, kisha kwa 22 juu ya 7, unapata sentimita mraba 2,550 na ushee. Hilo ndilo eneo la uchaga. Tafi wa robo kilo, ukimlaza na kumwachia nafasi ya kidole kila upande asigusane na mwenzake, hutaka kama sentimita mraba 300. Gawanya, utapata wanane na nusu, na kwa sababu uchaga ni duara na samaki si duara, pembeni kuna nafasi inayopotea. Kwa hivyo ngazi moja ya pipa zima hubeba samaki saba au wanane tu waliolazwa vizuri. Nilishangaa. Pipa kubwa vile! Wale ishirini wa kaskazi tuliwapanga wakipandiana, na waliponea chupuchupu kwa sababu moto ulikuwa mkali.

Sasa linganisha. Jiko dogo la duara lenye upana wa sentimita 30 lina eneo la sentimita mraba 707. La sentimita 60 lina 2,829. Upana umezidi mara mbili, lakini eneo limezidi mara nne, na makaa ya kulitandaza pia mara nne. Mtu akiliangalia jiko sokoni huona upana, haoni eneo. Anadhani ameongeza kidogo tu, kumbe amejitwisha mzigo wa magunia.

Lakini eneo la uchaga si hadithi yote. Shangazi hakushindwa kwa sababu ya uchaga mkubwa, alishindwa kwa sababu ya bati. Ubavu wa pipa zima una zaidi ya sentimita mraba 15,700 za chuma kitupu, na chuma hicho chote hupigwa na upepo wa kusi kikitoa joto nje. Ubavu wa debe la mafuta la lita 20, lenye upana wa sentimita 24 na kimo cha 35, una 3,360 tu. Pipa lina ukuta wa kupoteza joto karibu mara tano ya debe. Ndiyo maana mkebe mmoja wa makaa ndani ya pipa ulikuwa kama kibatari ndani ya kanisa.

Na hapa tufike kwenye jambo la hatari, ambalo ningeomba kila anayekausha samaki nyumbani alijue. Moshi peke yake hauhifadhi samaki. Kinachofanya kazi ni joto, chumvi na kukauka, moshi husaidia tu na kutia ladha. Nyama ya ndani ya samaki inatakiwa ipate joto la nyuzi 63 za Selsiasi kwa muda wa nusu saa. Chini ya hapo, katika lile joto la uvuguvugu, vijidudu hustarehe na kuzaana. Pipa kubwa lenye moto mdogo huwaweka samaki katika uvuguvugu huo saa tano au sita, huku moshi ukiwapaka rangi nzuri ya kumdanganya mnunuzi. Vibua na jodari ndio wa kuogopwa zaidi, maana wakikaa kwenye joto bila kuiva huweza kufanya sumu iitwayo histamini, na hiyo ikishaingia haitoki kwa kupika tena. Mtu hula, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga. Nashukuru Mungu samaki wetu walinuka mapema, wakaishia kwa paka.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Msije mkatoka hapa mkisema kidogo ndicho bora. Katika arusi moja kijijini niliwahi kuwaona vijana wakibanika pono wa wageni wote kwenye jiko moja la kupikia chai. Wakwe walikula saa nne ya usiku, na wa mwisho walikula pono aliyeungua nje, ndani akiwa na damu. Jiko likiwa dogo, samaki hubanana, jasho lao halitoki, wakawa wanachemka badala ya kukauka. Pale walipogusana ngozi hubaki mbichi na nyeupe. Mafuta nayo humwagikia makaa yaliyo karibu mno, moto ukaruka.

Kabla hujauliza jiko la ukubwa gani, basi, jiulize ni kazi gani. Kubanika na kukausha kwa moshi ni kazi mbili, hata kama zote zinatumia makaa. Kubanika ni kazi ya dakika. Samaki hukaa shibiri moja hivi au chini juu ya makaa mekundu, huiva akaliwa pale pale, na ukitaka umpake nazi. Hapo kimo hakina maana, kinachotakiwa ni upana unaotosha chakula na makaa yaliyotandazwa kupita ukingo wa samaki kwa vidole viwili. Kukausha kwa moshi ni kazi ya saa nyingi. Samaki huwa mbali na moto, kama nusu mita, na jiko lataka kifuniko na matundu ya hewa, moja la kuingilia chini, jingine la kutokea juu. Ukiziba yote mawili ati upate moshi mwingi, vijiti havitawaka, vitatoa masizi, na samaki atakuwa mchungu kama shubiri. Ukitaka kujua moto wako, weka kiganja pale samaki atakapolala, uhesabu polepole. Ukishindwa kabla ya tatu, huo ni moto wa kubanika. Ukifika saba au nane, huo ni wa kukaushia.

Wanaolijua jambo hili vizuri kuliko vitabu ni wauza mishkaki wa Mombasa na Malindi. Tazameni majiko yao. Ni marefu na membamba, upana wake hauzidi kijiti. Ncha mbili za mshikaki hulala kwenye kingo, nyama tu ndiyo iliyo juu ya makaa, na hakuna kaa linalowaka bure. Wateja wakiwa wachache hukusanya makaa upande mmoja. Wakiongezeka huyatandaza. Jiko lile limepimwa kwa chakula chenyewe.

Hata Wazungu walianza kwa kubahatisha. Mwaka 1952 Mmarekani mmoja aitwaye George Stephen, aliyefanya kazi katika karakana ya Weber Brothers huko Chicago iliyotengeneza maboya ya chuma, alichoka na jiko lake la uani kupeperushwa na upepo. Akachukua boya akalikata katikati, nusu ya chini ikawa jiko na ya juu kifuniko. Jiko hilo maarufu leo lina kipenyo cha inchi 22 na nusu, yaani takriban sentimita 57, sawa na pipa letu. Sisi tunaoona maboya kila siku hatukuwaza hilo! Lakini angalieni, yeye alipika chakula cha nyumbani kwake, na ule upana wa pipa ukamtosha bila kile kimo chote cha sentimita 88. Hilo lilinifungua macho. Kwa familia ya watu sita au saba inayobanika siku ya Idi au Pasaka, nusu pipa lililokatwa kwa kuzunguka linatosha kabisa. Ukilikata kwa urefu, kama wafanyavyo wachoma nyama, unapata uchaga wa 57 kwa 88, karibu sentimita mraba 5,000. Hilo ni la hoteli na arusi, si la nyumbani.

Lakini shangazi hakuhitaji jiko la Idi. Alihitaji jiko la samaki wanane leo na arobaini kesho kutwa, na hakuna pipa duniani linalonywea na kutanuka. Hapo nilikwama mwezi mzima.

Aliyenikwamua ni mwalimu wetu wa Sayansi Kimu, aliyenionyesha katika kitabu picha ya tanuri la Chorkor. Chorkor ni kijiji cha wavuvi huko Accra, nchini Ghana, na tanuri hilo lilitengenezwa hapo karibu na mwaka 1970, akina mama wa kijiji wakishirikiana na wataalamu wa shirika la FAO na watafiti wa chakula wa nchi yao. Ni sanduku la udongo lenye mlango wa moto chini na mdomo wazi juu. Juu ya mdomo huwekwa chaga za fremu ya mbao zenye waya, zilizopimwa zikaukalia mdomo sawasawa. Chaga ya pili huwekwa juu ya ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili, hata zikafika kumi na zaidi. Zile fremu zikipangwa ndizo zinazokuwa ukuta wa jiko. Mmeona ujanja huo? Samaki wakiwa wachache unaweka chaga moja na jiko lako ni fupi. Wakiwa wengi unapandisha na jiko limekuwa refu. Moto ni ule ule chini. Kila baada ya muda chaga ya chini hupelekwa juu na ya juu hushuka, wote waive sawa.

Na kwa nini udongo, si bati? Jibu mnalo jikoni mwenu. Lile jiko la kiuno chembamba lenye udongo ndani, lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980 kwa kuigiza jiko la ndoo la Thailand, hula makaa machache kuliko la bati tupu kwa sababu udongo hauachii joto upesi. Tanuri la udongo ni hilo jiko lililokuzwa.

Tukajenga. Udongo mwekundu tulichota nyuma ya nyumba, tukaukanda na majani makavu. Binamu yangu alitaka tujenge kwa mawe ya matumbawe kwa kuwa yako tele, tukamkataza, maana jiwe la matumbawe likipigwa moto hugeuka chokaa. Mdomo tuliufanya mraba wa sentimita 60 kwa 60. Hiyo ni sentimita mraba 3,600, samaki kumi na wawili kwa chaga, na mraba hauna pembe zinazopotea kama duara. Kuta zina unene wa shibiri nzima, na fremu tukazipima zikalie katikati ya ukuta, ili moto usilambe mbao. Fundi seremala alitutengenezea chaga nne. Nilitaka sita. Shangazi akanitazama tu, nikanyamaza.

Wiki ya kwanza ya majaribio tulipima makaa kwa mkebe. Samaki wanane, chaga moja: mkebe mmoja mwanzoni, na nusu ya kuongezea. Samaki thelathini, chaga tatu: mikebe miwili. Moshi tunaupata kwa makumbi ya nazi yaliyoloweshwa kidogo, na vijiti vikavu vya mwembe. Saa ya kwanza moto huwa mdogo, kifuniko kimeinuliwa, ngozi ikauke. Kisha makaa huongezwa hadi nyama ya mgongoni iachane na mfupa ukiibonyeza. Baada ya hapo ni moto wa pole mpaka samaki awe mwepesi mkononi.

Mkitaka kutengeneza lenu, kuna mambo ambayo msiyafanyie mzaha. Pipa lililobeba dawa za shamba au kemikali za kiwanda lisikaribie chakula, hata likioshwa mara mia. Lililobeba mafuta ya kupikia lichomwe moto mkali likiwa tupu na wazi, rangi yote itoke, kisha lisuguliwe kwa mchanga. Waya wenye zinki usiuweke karibu na makaa mekundu. Maganda ya korosho yasitumike kamwe ingawa mikanju imejaa kwetu, kwani mafuta yake huunguza ngozi, sembuse koo. Na jiko la makaa, dogo au kubwa, lisiingizwe ndani ya nyumba kwa kuogopa mvua. Ile hewa yake ya sumu haina harufu.

Kuhusu makaa yenyewe nitasema machache tu, kwani mwenzangu wa Klabu ya Mazingira ameliandika kwa kirefu. Kwa njia yetu ya tanuri la udongo porini, kilo moja ya makaa hutaka kilo tano hadi kumi za mti. Yale mikebe mitatu ya kila siku ndani ya pipa lililo nusu tupu yalikuwa miti iliyokatwa mahali fulani, na sisi tuna msitu wa Arabuko-Sokoke hapo juu ambao wakataji hawauachi upumue. Vifuu vya nazi hutoa makaa mazuri yenye moto mkali, na kwa kazi hii ya moto mdogo vyafaa sana ukivichanganya.

Pipa la kwanza hatukulitupa. Fundi alilikata kwa kuzunguka, nusu moja shangazi amemuuzia jirani mwenye kibanda cha viazi, nusu nyingine iko uani kwetu kwa siku za sikukuu. Deni la chama limebaki robo. Juzi aliniita tena, kaskazi inakaribia, akaniuliza kama sasa twaweza kuongeza zile chaga mbili nilizozitaka. Nikamwambia anisubiri nimalize mtihani, nije na futi kamba.